Kidonge cha Saa Mbili

Ni saa mbili kasoro robo usiku hapa Kisumu. Mvua ya jioni imekatika, Kondele imerudia kelele zake, na ukisimama Dunga sasa hivi utaona taa za wavuvi wa omena zimeanza kujipanga ziwani kama mji mwingine. Nina robo saa nawe, na nataka tuzungumze juu ya kidonge.

Ukipanda matatu ya jioni kutoka hapa kwenda Bondo, ikigonga saa mbili utasikia simu zikilia: moja kule nyuma, mbili katikati, moja kwa makanga. Kengele fupi, inazimwa upesi. Kisha mkoba unapekuliwa, chupa ya maji inafunguliwa, kimya. Hakuna anayegeuza shingo. Watu wa ukanda huu wamemeza ARV, dawa za HIV, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na adabu ya saa mbili tunaijua kama tunavyojua adabu ya kumpisha mkwe njiani.

Wiki mbili zilizopita nilikaa ubavuni mwa mama mmoja aliyepakata kikapu cha samaki wa kukaanga. Simu yake ikalia. Kwanza alitoa andazi, akalila lote bila haraka. Ndipo akafungua kikopo cha plastiki, akatoa kidonge kimoja chenye rangi ya hudhurungi, akakishushia maji karibu chupa nzima. Mimi, kwa tabia mbaya ya watangazaji, nilikuwa nimemkodolea macho. Akacheka. "Mwanangu, hii si ile unayoifikiria," akaniambia. "Hii ni ya CML."

Alizitamka herufi hizo kama mtu anayemtaja jirani wa siku nyingi. Kope zake zilikuwa zimevimba kidogo, na mikono yake imepauka kuliko shingo. Akaona ninapotazama. "Sokoni wanasema nimeanza kujichubua. Nimechoka kukana. Siku hizi nawaambia ndiyo, na wao watafute pesa wajichubue."

CML ni saratani ya damu inayokwenda polepole. Uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, unatengeneza chembe nyeupe za damu bila kujua kuacha. Kwa mwaka humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu laki moja, kwa hiyo ni ugonjwa adimu. Zamani, mtu akiambiwa anao, alihesabiwa miaka mitatu, minne, mitano, kisha damu yenyewe ilichafuka kwa kasi na mambo yakaisha. Mama yule alikuwa amemeza kidonge chake kwa miaka 11, na alikuwa anatoka kuuza samaki.

Kidonge hicho kina historia yake, na historia hiyo inaanza na watu waliotazama picha. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwamba katika seli za wagonjwa wa CML kuna kromosomu moja iliyo fupi kuliko inavyopasa. Kromosomu ni zile nyuzi zinazobeba urithi wa mwili. Kwa nini ile moja imefupika, hawakujua. Jibu lilikuja miaka 13 baadaye kutoka kwa Janet Rowley wa Chicago, daktari aliyefanya kazi ya nusu siku kwa sababu ya kulea. Alichukua picha za kromosomu, akazikata moja moja kwa makasi juu ya meza ya kulia chakula nyumbani, watoto wake wakimtania kwamba mama anacheza na vikaragosi vya karatasi. Pale mezani aliona kipande cha kromosomu ya 22 kimehamia kwenye ile ya 9, na baadaye ikathibitishwa kwamba cha 9 nacho kimehamia kwenye 22. Zimebadilishana. Kumbe saratani inaweza kuanzia kwenye kubadilishana vipande, kama vijana wawili waliovaliana viatu gizani.

Nikiwa hapo, nikukumbushe kwamba habari kama hiyo ina mzizi wake kwenye ziwa letu pia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa pande hizi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakaendesha takriban maili 10,000 hospitali hadi hospitali wakiuliza nani ameuona. Uvimbe ule, unaobeba jina lake hadi leo, nao hutokana na kromosomu kubadilishana vipande, mara nyingi ya 8 na ya 14, na watafiti wa KEMRI hapa Kisumu bado wanauchunguza pamoja na malaria. Lakini Burkitt nimwekee jioni yake mwenyewe.

Turudi kwenye CML. Vipande vile vilivyounganika vibaya huunda kimeng'enya kiitwacho BCR-ABL, na kimeng'enya hicho hakijui kuzimika. Fikiria injini ya mashua ambayo kasi yake imekwama juu, mashua inakata maji haimsikii nahodha. Dawa za zamani zilikuwa kama kuipiga injini marungu, na abiria nao wakiumia. Brian Druker, daktari na mtafiti wa chuo kikuu cha afya cha Oregon, mjini Portland, alitaka kitu kingine: kizibo kitakachokaa barabara pale petroli inapoingilia, kwenye injini hiyo tu. Akishirikiana na Nicholas Lydon, mwanabiokemia aliyefanya kazi katika kampuni ya dawa huko Basel, Uswisi, alijaribu kemikali walizokuwa nazo kwenye seli za wagonjwa. Moja ilizima seli za CML ikaziacha nyingine zikiishi. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa imatinib, na dukani Glivec.

Kampuni haikuwa na haraka. Wagonjwa wa CML ni wachache, na wachache hawaleti faida. Druker alisukuma miaka kadhaa, na Juni 1998 mgonjwa wa kwanza akameza. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku katika jaribio hilo la kwanza, damu ya 53 ilirudi kawaida. Naomba nirudie kwa ajili ya yule anayehangaika na redio kutafuta masafa: 53 kati ya 54. Habari zikavuja, dawa haikutosha, na mwaka 1999 mgonjwa mmoja wa Montreal, Canada, akakusanya sahihi zaidi ya 4,000 kumtaka mkuu wa kampuni aongeze utengenezaji. Uliongezwa. Mei 10, 2001, Marekani ikaidhinisha. Wale waliofuatiliwa katika jaribio kubwa lililofuata, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Sasa kizibo kina tabia moja ambayo ndiyo shabaha yangu jioni hii. Injini haikuharibiwa. Iko pale, imezimwa tu. Ukichomoa kizibo, petroli inaingia, injini inanguruma tena. Ndiyo maana kidonge ni cha leo, cha kesho na cha keshokutwa. Wako wachache ambao, baada ya miaka ya damu safi kabisa na vipimo vya mara kwa mara, madaktari huwaruhusu kuacha, na karibu nusu yao hulazimika kurudi. Mama wa samaki hakuwa katika hao.

Kabla ya kidonge, lakini, kuna kujulikana. Na hapa ukanda wetu una balaa lake.

Dalili kubwa ya CML ni bandama, wengine huita wengu, kiungo kilicho ubavu wa kushoto chini ya mbavu. Kikiwa kizima hukioni wala hukigusi. Katika CML huvimba hadi kufika kitovuni, mtu anakula vijiko vitatu anashiba, anakonda, anatokwa jasho usiku. Mwambie mtu wa Nairobi kwamba bandama yako imevimba, atashtuka. Mwambie mtu wa Usenge au wa Mbita, atakuuliza: kwani ya nani haijavimba? Malaria huivimbisha. Kichocho cha tumbo, kile cha kuingia majini kila siku kuvuta nyavu, huivimbisha. Seli mundu nayo ina vituko vyake humo. Kwa hiyo mvuvi wa miaka 35 mwenye tumbo gumu upande wa kushoto anatibiwa malaria mara ya kwanza, ya pili, ya nne, kisha anapewa dawa ya kichocho, kisha shangazi anasema kijana amerogwa na mwenye mashua. Na huyo wa miaka 35 simtaji ovyo: Ulaya na Marekani CML ni ugonjwa wa watu walio karibu na miaka 60 au zaidi, lakini kliniki za Afrika zinaona watu wa miaka thelathini na arobaini, watu wenye watoto wa kusomesha.

Kuna jambo dogo la maabara ambalo halizungumzwi. Zamani malaria ilisakwa kwa darubini. Mtaalamu alitandaza tone la damu kwenye kioo, akalipaka rangi, akahesabu vijidudu akilinganisha na chembe nyeupe 200. Maana yake alilazimika kuzitazama zile chembe nyeupe. Kwa mgonjwa wa CML zinajaa kama dagaa kwenye wavu, mtu mwenye macho anasimama, anamwita mwenzake, "Hebu njoo uone hii." Siku hizi kuna kile kipimo cha haraka: tone moja, dakika 15, mstari mmoja au miwili, umekwisha. Ni kipimo kizuri, kimeokoa wengi katika dispensari zisizo na umeme, na simlaumu anayekitumia. Ila hakitazami kitu kingine. Kinajibu swali uliloliuliza, basi. Ningependa kila mwenye bandama kubwa isiyosikia dawa ya malaria apimwe idadi ya chembe za damu; ni kipimo cha kawaida kabisa. Kiwango cha chembe nyeupe kwa mtu mzima ni kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila tone dogo la mikrolita moja. Wenye CML hufika 100,000 na kupita. Na kuthibitisha BCR-ABL kunawezekana kwa mashine ya GeneXpert, aina ile ile inayopima kifua kikuu katika hospitali zetu, ikitiwa katriji tofauti.

Haya, umejulikana. Dawa je?

Glivec ilipotoka, mwezi mmoja wa dawa ulizidi dola 2,000 kule Marekani, na bei ikaendelea kupanda hata ilipopaswa kushuka. Mwaka 2013 wataalamu zaidi ya 100 wa CML waliandika katika jarida la kitaalamu kulalamikia bei za dawa hizi, na Druker mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa kampuni hataza ya Glivec, viwanda vya India vikaendelea kutengeneza imatinib ya bei nafuu. Kwa Mkenya, hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguka mapema zaidi, na ulikuwa mlango wa zawadi. Kuanzia 2002 kampuni yenyewe, Novartis, ilitoa Glivec bure kwa wasiojiweza katika nchi nyingi, mpango ukiendeshwa na shirika la The Max Foundation, lililoanzishwa kwa kumbukumbu ya kijana Max aliyefariki kwa CML. Kituo cha Kenya kikawa katika Nairobi Hospital. Profesa Nicholas Othieno-Abinya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, bingwa wa saratani, alikuwa miongoni mwa waliowahudumia wagonjwa hao na kuandika juu yao. Wanaomsifu Druker wasiwasahau wa aina hii. Mmoja alitengeneza kizibo. Mwingine alikaa na foleni.

Bure, msikilizaji, ina nauli. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita kama 350. Mama yule aliniambia safari yake kama anavyosimulia mtu anayejua kila tuta: basi la usiku, baridi ya Mau Summit, chai ya Nakuru, kufika alfajiri, kukaa kwenye kiti hadi jina lako liitwe, damu, dawa, kugeuza. Alikuwa anauza kuku mmoja kwa kwenda, kurudi anategemea Mungu. Kuna miezi kuku hawakuwepo. "Ningekaa siku tano bila dawa, mara nyingine kumi," alisema. "Sikuumwa. Ndiyo mbaya yake, huumwi."

Huumwi, lakini injini inaanza kukohoa. Huko London, katika hospitali ya Hammersmith, David Marin na wenzake walifanya jambo lililonichekesha kisha likanitia hofu. Waliwapa wagonjwa 87 dawa katika vikopo ambavyo kifuniko chake kina kifaa kidogo cha kuandika kila kinapofunguliwa, wakavisoma baada ya miezi mitatu. Hao walikuwa watu wa London, dawa iko karibu, kuku hawahusiki. Zaidi ya robo yao walikuwa wamemeza asilimia 90 ya vidonge au pungufu. Na hesabu iliyochapishwa 2010 ilikuwa hii: kati ya waliomeza zaidi ya asilimia 90, karibu 95 katika kila 100 walifikia kiwango kizuri cha damu ndani ya miaka sita ya matibabu, waliosalia nyuma, 28. Asilimia 90 ni kukosa siku tatu kwa mwezi. Siku tatu! Mama wa samaki alikosa kumi kwa sababu ya nauli.

Hapo ndipo ninapogombana na hadithi ya Druker inavyosimuliwa, kwamba mtu mwenye akili alipata dawa na ugonjwa ukasalimu amri. Akili anayo, na tuzo ya Lasker ya 2009 aliistahili pamoja na wenzake Lydon na Charles Sawyers. Ila dawa ya aina hii haijakamilika inapotoka kiwandani. Inakamilika kila siku saa mbili usiku, mkononi mwa mtu, na kati ya kiwanda na mkono huo kuna barabara.

Barabara ya namna hiyo sisi watu wa Nyanza tumekwisha kuijenga mara moja. Mwaka 2003 nani angeamini kwamba mvuvi wa kisiwani angepata ARV zake huko huko kisiwani? Leo kuna CCC, zile kliniki za HIV, hadi kwenye vituo vidogo, wenye hali nzuri wanapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na wako akina mama wanaokufuata hadi ufuoni ukikosa tarehe yako, wanakuita kwa jina la utani mbele ya wenzako mpaka uende. Elimu hiyo ya kumeza hakuna London itakayotufundisha.

Kuna wa kunipinga, na namsikia. CML ni ya wachache, atasema. Mganga wa Mbita atamwona mmoja baada ya miaka. Sawa. Sisemi kila kituo kiwe na bingwa. Bingwa akae Kisumu au Eldoret, asome damu mara nne kwa mwaka au mara mbili. Lakini kidonge hakihitaji bingwa kukikabidhi. Kiende na gari lile lile linalopeleka ARV, kikae kwenye kabati lile lile, kwa daftari lake. Mama wa samaki, ambaye kwao ni Ndori, afuate dawa Bondo kwa bodaboda.

Zaidi ya barabara kuna huo mlango wa zawadi, na zawadi tunaijua hapa. Hospitali yetu kuu, ile ya Jaramogi, wazee wanaiita Russia mpaka leo kwa sababu Wasovieti ndio walioijenga, na siku ya kuifungua, Oktoba 25, 1969, watu wa mji huu walipigwa risasi. Jengo likabaki likitibu. Nguo ya kuazima haisitiri matako: mwaka 2025 tulipata masomo mawili kwa mwaka mmoja. Marekani ilitikisa fedha za ARV, vituo vikahaha. Na wagonjwa wa CML waliandamana Nairobi kudai dawa iliyokatika baada ya bima ya afya ya taifa, NHIF, kugeuka SHA. Nilipowaona wakitembea juani, wengine wakiwa na zile kope zilizovimba kwa dawa, nilimkumbuka yule wa Montreal na sahihi zake. Dawa hii ilitoka kiwandani kwa kusukumwa na wagonjwa, na miaka 26 baadaye wagonjwa walikuwa bado wanaisukuma. Imatinib imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na ya viwanda vya India haina bei ya kutisha serikali. Sioni kwa nini inunuliwe kama hisani.

Nilimuuliza yule mama, tukikaribia kushuka kwake, kama miaka 11 imemchosha. Akafikiri. Akasema kidonge hakimchoshi, kinachomchosha ni kukieleza: kwa mkwe aliyedhani ni ARV, kwa wa sokoni waliodhani ni mkorogo, kwa binti yake mdogo aliyetaka kujua kama ugonjwa wenyewe ni wa kuambukiza. Hauambukizi, msikilizaji, wala haurithiwi. Akasema pia kwamba kule kliniki alikutana na msichana aliyeambiwa asishike mimba akiwa kwenye dawa hii, na msichana yule alilia kuliko siku alipoambiwa ni saratani. Nilitaka kuuliza ikawaje. Lakini makanga alikuwa amekwisha gonga bati, "Ndori hiyo, mama, shuka na kikapu," naye alikuwa anadai chenji yake ya shilingi 50 kwa sauti ya mtu mwenye afya tele.

Naona saa ya ukutani hapa studio imebakiza dakika moja. Fundi wetu wa mitambo atatuwekea wimbo, sitasema neno hadi uishe. Kama simu yako inalia sasa hivi, zima, kunywa maji, meza.